Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mambo ya uanachama yamo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitabaki na swali lililotawala vikao vyetu mwaka huu: daktari akisema saratani ya umio imefika kwenye tezi za limfu, yaani vinundu vidogo vya kinga ya mwili, mgonjwa atarajie nini?

Wengi hudhani hapo mlango umefungwa. Kamati haikubaliani, ila pia hatutawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa saratani ikigunduliwa ingali ndani ya umio, karibu nusu ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka 5. Ikiwa imeingia kwenye tezi au tishu za jirani, ni zaidi kidogo ya robo. Ikishafika viungo vya mbali, ni kama mmoja kati ya 20. Hizo ni wastani wa watu wengi, wakiwemo waliotibiwa kabla ya dawa za sasa. Hakuna anayeweza kuzitumia kumhesabia mtu mmoja siku zake.

Kwa nini tezi huguswa mapema? Chini tu ya utando wa ndani wa umio kuna mtandao mnene wa mishipa ya limfu, unaopanda na kushuka kwa urefu wake wote. Uvimbe mdogo wa kifuani waweza kupeleka seli hadi shingoni au tumboni, tena kwa kuziruka tezi zilizo karibu nao.

Idadi ya tezi zenye saratani nayo ina uzito wake. Majibu ya maabara huionyesha kwa herufi N na namba: yakiandikwa N0, hakuna tezi iliyokutwa na saratani. N1 ni tezi 1 au 2, N2 ni 3 hadi 6, na N3 ni 7 au zaidi. Kadiri zinavyoongezeka, ndivyo hatari ya ugonjwa kurudi inavyokua. Lakini ulizeni pia ni tezi ngapi zilizopimwa. Miongozo mingi hutaka angalau 15 kwa aliyepasuliwa bila kutanguliziwa tiba nyingine. N0 iliyotokana na tezi 5 hainitulizi moyo hata kidogo.

Habari njema ziko upande wa tiba. Utafiti wa CROSS wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa nusu ya waliopewa dawa za saratani na mionzi kabla ya upasuaji waliishi zaidi ya miezi 49, ilhali kwa waliopasuliwa tu ilikuwa miezi 24. Wengi wa washiriki walikuwa na dalili za tezi kuguswa. Na pale mabaki ya saratani yanapokutwa baada ya tiba hiyo na upasuaji, tangu mwaka 2021 kuna nivolumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, ambayo katika utafiti wake ilirefusha muda wa kukaa bila ugonjwa kurudi kutoka miezi 11 hadi 22.

Kamati inapendekeza kila mwanachama atunze nakala ya majibu yake ya maabara, na tuandae karatasi moja ya maswali ya kwenda nayo kwa daktari: tezi ngapi zilipimwa, ngapi zilikuwa na saratani, ziko wapi, na je, hali hiyo ilionekana kabla ya tiba au baada yake. Pendekezo hili ni ajenda ya mwisho, nalo litapigiwa kura.

Mwenyekiti