Majani Yakianza Kupukutika

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Umeuliza kama inafaa kuwapeleka bustanini sasa majani yanapopukutika, au ungoje joto lirudi. Usingoje. Vitu vya kuchezea vinavyopatikana majira haya havipatikani majira mengine, na vyote vimelala chini vinasubiri kuokotwa.

Kinachoharibu matembezi ni unyevu kuliko baridi yenyewe. Fulana ya pamba ikilowa jasho hung'ang'ania maji na kumpoza mtoto, kwa hiyo nguo ya ndani iwe ya sufu au kitambaa kinachokauka upesi, juu yake sweta, na juu kabisa koti lisilopitisha maji wala upepo. Wakitoka nyumbani wahisi ubaridi kidogo. Aliyefunikwa gubigubi hutoka jasho baada ya dakika 10 za kukimbia, kisha akisimama anaanza kutetemeka. Chukua jozi 2 za soksi za akiba kwa kila mmoja, ndani ya mfuko wa plastiki utakaobeba zilizolowa wakati wa kurudi. Mdogo wa kwenye kigari mwongezee vazi moja, maana yeye hajitikisi. Ukitaka kujua kama ana baridi, mguse nyuma ya shingo. Viganja vya mtoto hudanganya, huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha.

Nendeni saa 4 asubuhi, mrudi kabla ya saa 8. Alasiri giza huwahi, na pale saa zinaporudishwa nyuma (Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba) jioni hufupika kwa saa nzima kwa siku moja.

Mchezo mkuu ni rundo la majani, na hapo naomba uwe makini. Subiri siku 2 au 3 zisizo na mvua, kwani majani yaliyolowa maji hushikamana kama matope. Nenda na reki, mkusanye rundo lenu wenyewe, mbali na barabara. Dereva hawezi kumwona mtoto aliyezama ndani ya majani. Rundo lifike kiunoni mwa mtoto, maana litabonyea upesi. Msirukie rundo mlilolikuta: huenda lina mawe, vigae vya chupa au kinyesi cha mbwa, na lililokaa siku nyingi huenda kalunguyeye amejificha humo. Hata lenu lipapasie kwa reki kwanza. Waruke kwa miguu au makalio, kichwa kisitangulie kamwe. Likishabonyea, wao wenyewe walikusanye upya. Kazi hiyo ndiyo inayowapasha moto, na wengi huipenda kuliko kuruka.

Wakipumzika, wape trei ya mayai: ya matundu 6 kwa wa miaka 3 au 4, ya matundu 12 kwa wakubwa. Kila tundu lipate kitu kimoja: jani jekundu kabisa, jani lililotobolewa na mdudu, mbegu yenye bawa, tunda la mwaloni lingali na kikombe chake. Sharti ni moja, waokote kilichoanguka, wasichume. Wa chini ya miaka 3 asiachiwe vitu vidogo vya kumpalia.

Watakuuliza kwa nini majani yamebadilika rangi. Waambie mchana ukifupika mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Manjano ilikuwamo siku zote, imefunikwa tu. Nyekundu ndiyo mpya: hutengenezwa kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani, na hukolea siku zikiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi.

Uyoga wautazame tu. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kutenganisha wa sumu na usio wa sumu. Mtoto akiutafuna, mwahishe kwa daktari hata kama haonyeshi dalili, pamoja na kipande kilichobaki. Sumu iliyo mbaya zaidi huweza kukawia saa 6 au zaidi kabla ya kuanza kutapisha.

Siku ya upepo pelekeni tiara. Upepo unaotikisa majani na vijitawi unatosha. Upepo ukiyumbisha matawi makubwa, rudini nyumbani, na msikae chini ya miti. Rusheni uwanjani, mbali na nyaya za umeme.

Kupe bado wapo hadi baridi kali ifike. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, na mkirudi uwakague nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Ukimkuta kupe, mbane kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma.

Koni ya msonobari waliyookota iacheni ndani ya maji: itafumba magamba yake, na ikikauka itafumbua tena, kwa sababu mbegu zake zinataka siku kavu ili zipeperuke. Majani yakausheni juu juu kwa kitambaa, yapangeni kati ya karatasi zinazofyonza maji bila kugusana, kisha wekeni vitabu vizito juu. Badilisha karatasi kesho yake, la sivyo yataota ukungu. Baada ya wiki 1 hadi 2 yatakuwa tayari kubandikwa. Ukiwaandikia chini yake tarehe na jina la mti, mwakani watayalinganisha na mapya.

Niandikie wameokota nini.

Rafiki yako,
Zuhura