Barua kwa Mjomba: kuitoa TV ya chogo kwenye gari-nyumba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai wewe na wote nyumbani hamjambo. Huku sisi ni wazima.

Picha za gari-nyumba zimefika na swali lako nimelielewa: hiyo TV ya chogo iliyopachikwa kabatini juu ya viti vya mbele itatokaje, na pale iwekwe nini. Nakujibu kwa urefu, kwa sababu ukimkabidhi fundi kazi hii bila maelezo ataifanya kama ya sebuleni, na sebule haipiti kwenye makorongo.

Usianze na kununua runinga. Anza na tepu. Pima tundu la kabati upana, kimo na kina, na upana uupime juu, katikati na chini, kisha ufuate kipimo kidogo kuliko vyote, maana makabati ya magari haya hupinda kadiri miaka inavyokwenda. TV za chogo zilikuwa na umbo la 4 kwa 3, za sasa ni 16 kwa 9, kwa hiyo tundu lililotosha chogo ya inchi 20 linaweza kuikataa flati ya inchi 24 kwa upana huku kimo kikibaki wazi. Hesabu yake ni hii: zidisha inchi kwa 2.54 upate sentimita, halafu zidisha kwa 0.87 upate upana wa kioo, au kwa 0.49 upate kimo. Inchi 24 ni kama sentimita 53 kwa 30. Inchi 32 ni 71 kwa 40. Ongeza sentimita moja au mbili za fremu.

Najua umetaja inchi 40. Achana nazo, Mjomba. Hiyo ina kioo cha karibu sentimita 89 kwa 50. Itaziba milango ya makabati ya pembeni na kumgonga kichwa kila anayetoka kwenye kiti cha dereva. Inchi 24 inatosha, 32 ikiwa ukuta unaruhusu, tena isiingie ndani ya tundu bali ikae mbele yake na kulifunika.

Jambo la pili kabla ya kulipa: pale juu watazamaji wataitazama kutoka chini. Paneli, yaani kioo chenyewe cha kuonyeshea, ziko za aina tatu. Za TN, ambazo bado zimo kwenye TV nyingi ndogo za bei rahisi, hugeuka nyeusi ukizitazama kutoka chini. Za VA hupauka rangi. Za IPS ndizo zinazovumilia. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, chuchumaa palepale dukani uitazame kwa chini ikiwa inawaka. Jibu utaliona mwenyewe.

Wala usiniambie nikutumie moja kutoka huku Marekani. TV zinazotengenezwa kwa soko la Marekani hupokea matangazo ya dijitali ya mfumo wa ATSC, wakati sehemu kubwa ya Afrika na Ulaya inatumia mifumo ya DVB-T na DVB-T2. Itawaka, itacheza filamu kwenye flashi, lakini antena haitaipa kituo hata kimoja. Nunua huko, yenye DVB-T2 iliyoandikwa kwenye boksi. Chogo yenyewe ni ya analojia tu: huku vituo vikubwa vilizima analojia tarehe 12 Juni 2009, na makubaliano ya kimataifa kwa Afrika na Ulaya yaliweka mwisho tarehe 17 Juni 2015. Hata ukiitengeneza, bila king'amuzi ni pambo.

Sasa kuitoa. Chomoa waya wa umeme wa nje, zima inveta, na ondoa nyaya za betri za nyumba (zile za matumizi ya ndani ya gari, si ya kuwashia injini) ukianza na hasi. Fremu ya mbao inayozunguka kioo mara nyingi imefungwa kwa skrubu zilizofichwa chini ya vizibo vidogo vya plastiki, au kutoka ndani ya makabati ya pembeni. Usiishindilie bisibisi ukaipasua. Zitafute skrubu hizo kwa tochi kwanza. Nyuma yake TV hushikwa na mkanda wa chuma au vipande vya L vilivyofungwa kwenye rafu. Hapa wanaume wawili, si mmoja. Chogo ya inchi 20 ina kilo 20 na zaidi, ya inchi 27 hufika 40, na karibu uzito wote uko mbele kwenye kioo, kwa hiyo ikitoka nusu huinamia kwenu ghafla. Tandikeni godoro kwenye viti na sakafuni. Mmoja ashike chini ya kioo, mwingine asukume taratibu kutoka nyuma ya kasha kama anaweza kufika.

Kasha lisifunguliwe kwa sababu yoyote. Ndani mna volti elfu 20 hadi 30 zikiwa kazini, na tyubu inaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya kuzimwa. Tyubu yenyewe ni ombwe. Shingo yake ikigongwa inaweza kupasuka na kurusha vigae. Kabla ya kukata au kuchomoa waya wowote, ubandike karatasi na kuandika unatoka wapi, kisha piga picha. Nyuma ya hizo TV huwa pana msitu wa nyaya: antena, deki, spika, kisanduku cha kuchagulia.

Kabati likishakuwa tupu ndipo kazi yenyewe inaanza, na hapa ndipo ninapokuomba uwe msumbufu kwa fundi. Kuta za gari-nyumba si kuta. Nyingi ni plaiwudi ya milimita 3 au 4 iliyogundishwa juu ya povu, na skrubu ikitiwa humo hushika siku ya kwanza tu. Kinachobeba ni fremu ya mbao au alumini iliyo nyuma yake, na mbao za kabati lenyewe. Chukua plaiwudi ya milimita 15, ikatwe iingie kwenye tundu kwa kubakiza milimita 3 kila upande. Ndani ya tundu, pande zote nne, fungeni vipande vya mbao vya sentimita 2 kwa 4 kwa gundi na skrubu, vikiwa vimerudi nyuma kiasi kwamba plaiwudi ikilala juu yake uso wake ulingane na uso wa kabati. Plaiwudi ifungwe kwenye vipande hivyo kwa skrubu bila gundi, ili siku moja itoke. Toboeni tundu la sentimita 8 hadi 10 la kupitishia nyaya na mkono, na matundu madogo ya hewa juu na chini.

Mabano ya TV yafungwe kwenye plaiwudi kwa bolti za M6 zinazopenya hadi nyuma, zenye washa pana za milimita 25 au zaidi, na nati zenye plastiki ndani zisizolegea. Nyuma ya TV utakuta matundu manne ya VESA (kipimo cha kawaida cha kufungia TV kwenye bano), milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100 kwa hizi ndogo, na skrubu zake kwa kawaida ni M4. Urefu wake uwe unene wa bano pamoja na milimita 8 hadi 10. Ndefu kupita hapo hufika kwenye paneli au bodi, na TV hufa kabla haijawashwa. Tia tone la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea. Nyekundu haifai, hutaweza kuzifungua.

Mkono wa kuvuta na kugeuza, ule wa ukutani wa kawaida, mimi siupendi kwenye gari. Viungo vyake hushikwa kwa msuguano tu, na barabara mbovu huvilegeza hadi TV inajigonga kabatini yenyewe. Bano la kuinamisha tu, nyuzi 10 hadi 15 kuelekea chini, linatosha pale juu. Ukitaka mkono, tafuta wenye pini ya kufunga wakati wa safari.

Kuna wanaotaka kulitumia lile tundu la nyuma kama stoo kwa kufanya plaiwudi iwe mlango wenye bawaba juu na mikono ya gesi. Inawezekana. Lakini mlango huo unabeba kilo 4 hadi 6 za TV, kwa hiyo uwe na makufuli mawili ya kubana, si sumaku, na nyaya ziachiwe kitanzi karibu na bawaba zisikatike kwa kukunjwa. Ndani wekeni shuka na mablanketi, si vyombo.

Umeme. Gari lililotengenezwa huku lina soketi za volti 120, na soketi iliyo nyuma ya chogo ni hiyo. TV utakayonunua huko huenda imeandikwa 220–240 tu, na hapo fundi ataanza kukutajia transfoma. Usifike huko: nunua TV inayotumia volti 12, utazame ukiwa popote bila inveta wala jenereta. Ziko za aina mbili. Zilizotengenezwa kwa ajili ya magari na boti huvumilia volteji inayopanda na kushuka. Zile za nyumbani zenye adapta ya nje iliyoandikwa DC 12V huwa zimezoea 12 kamili, ilhali betri yako hushuka hadi karibu 11 ikiisha na kupanda 14.4 injini au chaja ikifanya kazi, na chaji ya kusawazisha ya betri za asidi hupita hata 15. Kwa hizo, weka kati kidhibiti cha DC kinachopokea volti 9 hadi 18 au zaidi na kutoa 12 muda wote, kwa angalau ampea 5. Ni kidude kidogo, na kisipokuwepo TV inaweza kuchoma bodi siku ya kwanza betri ikichajiwa sana, au kujizima jioni betri ikishuka.

TV ya inchi 24 hula wati 25 hadi 40. Wati 36 ni ampea 3. Saa nne ni ampea-saa 12, ambazo betri ya ampea-saa 100 haizihisi. Vuta nyaya mbili, chanya na hasi, kutoka kwenye boksi la fyuzi, wala usitumie bodi ya gari kama hasi. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba: kwa umbali wa mita 5 utapoteza volti 0.2 tu, lakini ukitumia ule mwembamba wa 0.75 utapoteza 0.7, na betri ikiwa chini TV itazima fundi akidhani ni mbovu. Fyuzi ya ampea 5 ikae upande wa betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya. Maungio yabanwe kwa koleo la kubania; lehemu peke yake hukatika kwa mtikisiko. Angalieni pia plagi ya duara inayoingia kwenye TV: ziko za milimita 5.5 kwa 2.1 na za 5.5 kwa 2.5, zinafanana kwa macho. Ya 2.5 ikiingia kwenye pini ya 2.1 inacheza, na TV inazimika kila mkigonga shimo. Mpangilio wa chanya na hasi upimeni kwa mita kabla ya kuchomeka.

Katika magari mengi ya aina hii soketi ya TV ya mbele hupitia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayokata umeme ufunguo ukiwashwa, ili dereva asitazame akiendesha. Waya mpya hautapita hapo, basi mrudishieni ulinzi huo. Rilei ya pini tano ya volti 12: 85 kwenye hasi, 86 kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, 30 kwenye chanya kutoka fyuzi, na TV kwenye 87a. Pini 87 iachwe tupu. Usikubali fundi akuambie si lazima. Weka na swichi ya kawaida pembeni, kwani TV hizi huendelea kula umeme kidogo zikiwa zimelala.

Antena ya juu ya paa usiitupe. Haijui analojia wala dijitali. Ina busta ndani inayopata volti 12 kupitia kebo hiyohiyo ya antena, kutoka kwenye kibao cha ukutani chenye kitufe na taa ndogo. Mafundi wengi huunganisha TV moja kwa moja na kebo inayotoka paani, wakiruka kibao, na busta isiyo na umeme huzuia mawimbi badala ya kuyakuza. Kebo ya paa iingie kwenye kibao, ya TV itoke kwenye kibao, kitufe kiwashwe. Ncha za gari ni za kuzungusha, za TV yako zitakuwa za kusukuma, kwa hiyo nunua adapta. Uzi mmoja wa wavu wa nje wa kebo ukigusa waya wa kati, fyuzi ya kibao inaweza kuungua. Kama mnara wa eneo mlilopo unatuma kwa wima, antena hizi zilizolala hupokea kwa shida. Hilo si kosa la TV. Mkihamia eneo jingine, tafuteni vituo upya.

Sauti itakukera. Spika za flati hutazama nyuma au chini, na tundu tupu la kabati huzifanya zivume kama zimo ndani ya debe. Jaza sponji nyuma ya plaiwudi bila kuziba hewa, au peleka sauti kwenye redio ya gari kupitia tundu la AUX. TV ikiwa na tundu la optiki tu, utahitaji kigeuzi, na kwenye menyu ya sauti uchague PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa), la sivyo kitakaa kimya.

Chogo iliyotoka isitupwe jalalani wala kuvunjwa kwa ajili ya shaba. Kioo chake kina risasi. Mpelekee anayekusanya taka za elektroniki ikiwa nzima.

Nitumie vipimo vya tundu na picha ya boksi la fyuzi kabla hujanunua chochote, nikuandikie orodha ya vifaa. Nisalimie mkaza mjomba na watoto.

Wako mpwa.