Malalamiko: umeme kuwashwa kwenye nyaya zisizopimwa, na masizi kufunikwa kwa rangi

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Usafi na Ukarabati baada ya Moto

Ndugu Meneja,

KUH: KAZI YA JIKONI NA VYUMBA 2 BAADA YA MOTO WA UMEME

Baada ya salamu, naomba barua hii isomwe na mtu mwenye uwezo wa kuamua. Dawati lenu la huduma kwa wateja limekwisha kunijibu mara mbili kwamba suala "linashughulikiwa", na hakuna aliyekuja. Namba ya kazi mnayo, mkataba mnao, na utaratibu wa kazi mliuandika nyinyi wenyewe, kwa hiyo sitawasomea.

Siku ya 3, ukuta wa jikoni ukiwa bado unachuruzika maji, msimamizi wenu aliulizwa swali moja: vipimo vya mega, kifaa kinachopima kama ganda la waya bado linazuia umeme usivuje, viko wapi? Hakujibu. Alikwenda kwenye sanduku la breka, akapandisha swichi kuu, akawageukia vijana wake na kusema, "Mama, taa si hiyo inawaka? Moto ulishazimika, umebaki woga tu." Wakacheka. Papo hapo ndani ya ukuta, juu kidogo ya soketi iliyoungua, ukasikika mchirizo kama wa mafuta kwenye kikaango, kisha ikaja harufu ya plastiki. Hakuna breka iliyoanguka. Swichi kuu niliishusha mimi.

Taa kuwaka si kipimo. Waya ulioungua ganda huwasha taa vizuri kabisa mpaka siku unapowasha nyumba. Moto huu ulianzia kwenye skrubu ya soketi iliyolegea: palipolegea ukinzani huongezeka, panapata joto, shaba inaota kutu, ukinzani unazidi tena. Mkondo haukuvuka uwezo wa breka, ndiyo maana breka haikukata. Na joto lile halikubaki kwenye soketi. Lilifuata shaba hadi ndani ya ukuta. Ganda la PVC la nyaya za kawaida za nyumbani limekusudiwa shaba isiyozidi nyuzi 70 za Selsiasi. Kipande cha waya kilichovutwa kutoka kwenye bomba la nyaya, nusu mita kutoka soketi, mahali ambapo fundi wenu alisema ni pazima, ukikikunja kinapasuka kama ganda la kunde kavu, na shaba yake ni nyeusi. Waya wa namna hiyo hukatwa nyuma hadi ufike kwenye shaba inayong'aa na ganda linalokunjika bila ufa. Usipofika, unavuta waya mpya.

Kipimo chenyewe hakihitaji hata saa nzima. Swichi kuu chini, vyombo vyote vichomolewe, balbu zitolewe, kisha volti 500 za mkondo mnyoofu kati ya laini (waya unaoleta umeme) na ethi (waya wa ardhini), nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi, laini na nyutro, kila saketi peke yake. Kiwango cha kimataifa cha ufungaji wa umeme, IEC 60364, kinataka ukinzani wa angalau megaomu 1. Ukuta wenye maji na masizi hauwezi kutoa majibu ya kuaminika, kwa hiyo unakaushwa kwanza. Karatasi ya vipimo katika kazi hii haipo. Siyo kwamba imepotea, haikuwahi kuandikwa.

Na ukuta ule haukupaswa kulowa mapema hivyo. Siku ya kwanza vijana waliingia na ndoo na matambara. Masizi ya plastiki yananata. Ukiyapaka maji kabla ya kuyatoa makavu, unayasugua yaingie kwenye vinyweleo vya plasta na hayatoki tena. Huanzwa na kifyonzavumbi chenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana, mdomo wake usiguse ukuta, kisha sponji kavu ya mpira, kwa mikwaruzo mirefu ya upande mmoja, na upande wa sponji uliojaa unakatwa na kutupwa. Sabuni na maji ya vuguvugu huja mwisho, kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasichirizike kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi. Nyinyi mlianza juu. Michirizi ile ipo mpaka leo, inaonekana chini ya rangi. Kifyonzavumbi mlichokileta kilikuwa cha kawaida cha nyumbani, kikanyonya masizi jikoni na kuyatemea chumbani, juu ya magodoro.

Kibaya zaidi ni kwamba PVC ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi ya hidrokloriki. Maji yenu ndiyo yaliyoiamsha. Skrubu za soketi ambazo moto haukuzifikia zina ukungu wa kijani, na bawaba za kabati zimeshika kutu. Friji nayo iliwashwa "kujaribu" bila kufunguliwa wala kusafishwa saketi zake. Kengele ya moshi ilipanguswa na kurudishwa darini, wakati iliyopitiwa na moshi mzito hubadilishwa. Hao vijana wenyewe walivaa barakoa za kitambaa, ambazo hazizuii chembe ndogo. Walistahili angalau N95 au FFP2, miwani na glavu za nitrili. Mapafu yao nayo yako chini ya dhamana yenu.

Kisha mikono 2 ya rangi ya maji, moja kwa moja juu ya masizi. Bila praima ya kuziba, kama ya shelaki, doa na harufu hupenya. Siku ya kwanza tu yenye unyevu, madoa ya kahawia yakatokea darini.

Mwanzoni nilikusudia kuomba mrudie kazi ndani ya siku 14. Lakini narudi kwenye swichi kuu, kwa sababu hapo juu nimeeleza kwa haraka na msije mkadhani iliwashwa mara moja tu. Msimamizi aliipandisha, na swichi ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, ikaanguka. Akapandisha tena, ikaanguka tena. Kifaa kile kilikuwa kinamwambia kwamba umeme unavuja ukutani. Akamwita fundi wenu, akamwamuru ahamishe waya upite pembeni ya kinga. Fundi alisita, bisibisi mkononi, akaambiwa, "Funga, tunachelewa." Akafunga. Hapo ndipo swichi ilipopanda mara ya tatu, taa ikawaka, maji yakiwa bado yanashuka ukutani na kijana mmoja akiwa ameshika kitambaa kilicholowa hatua 2 kutoka kwenye soketi iliyo wazi. Na hapo ndipo nilipoitwa mwoga, mbele ya watu, ndani ya nyumba yangu, kwa kuuliza kipimo.

Kwa hiyo sitaki timu yenu irudi. Nataka fundi umeme mwenye leseni asiyehusiana nanyi, kwa gharama yenu, afungue ukuta wa jikoni na wa chumba kilicho nyuma yake, abadilishe nyaya, arudishe kinga na kuandika vipimo vya kila saketi. Nataka rangi ikwanguliwe na usafi uanze upya ukiwa mkavu, ila kama dari ni ya zamani, ipimwe asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kabla ya kuguswa. Nataka malipo yote yarudishwe, pamoja na thamani ya friji na magodoro. Na msimamizi yule aombe radhi kwa maandishi, tena asisimamie kazi yenye umeme.

Siku ni 7 tangu mpokee barua hii, si 14. Zikipita, nakala itakwenda kwa mamlaka inayotoa leseni za mafundi umeme, kwa watetezi wa walaji na kwa bima, kisha mahakamani. Picha zote zina tarehe, pamoja na ile ya waya uliopitishwa pembeni ya kinga. Kipande cha waya kimefungwa kwenye mfuko.

Swichi kuu iko chini na sanduku limefungwa kwa kufuli. Halitafunguliwa mpaka aje huyo fundi.

Wenu,
Mteja