Zako Tia Maji: Wito wa Harambee ya Filamu ya Wanafunzi Wetu

Kwa wazazi, walezi, wanafunzi wa zamani na majirani zetu wa ng'ambo zote mbili za feri hapa Mombasa,

Salamu kwenu nyote.

Mwaka jana nilikuwa nikifundisha methali katika kidato cha pili. Nikaandika ubaoni, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," nikaeleza kama ninavyoeleza kila mwaka: lililomfika jirani laweza kukufika, basi jiandae. Msichana wa dawati la nyuma akainua mkono. "Mwalimu, kwani lazima zitiwe maji? Kinyozi wa mtaani kwetu hataki nywele mbichi, mashine yake inakwama." Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Baadaye, nikisahihisha madaftari, nilipata fadhaa kidogo. Watoto wale hawajawahi kumwona mtu akinyolewa kwa wembe. Methali wanaijua, maana yake wanaijua, mtihani wataupita, lakini maji yenyewe hawajui ya nini.

Swali hilo ndilo lililozaa filamu ninayowaombea fedha leo.

Chama chetu cha filamu kina wasichana kumi na wawili. Wanataka kutengeneza filamu ya dakika 25 kuhusu nywele: zinavyosukwa, zinavyonyolewa, majina ya mitindo, na nani aliamua ipi ni ya heshima na ipi si ya heshima. Tukijaaliwa, tutaiandaa kwa Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Tusipofika huko, tutaionyesha ukumbini kwetu na itabaki maktabani.

Kazi wameshaianza. Likizo ya Agosti kila msichana alipewa daftari na swali moja la kuuliza kwao: ulipokuwa na umri wangu ulisukwaje, na msuko ule ukiitwaje? Madaftari yaliporudi nilikaa nayo jioni nzima, na chai ikapoa. Kulikuwa na twende kilioni, jina ambalo karibu kila nyumba inalijua na kila nyumba inalieleza kwa njia yake. Mama mmoja alisema ni msuko wa haraka, wa kusukwa huku jirani ameshaanza kulia. Shangazi wa mwingine akasema hayo ni maneno ya wavivu, msuko ule ukisukwa vizuri ni kazi ya mchana mzima. Kulikuwa na babu aliyeeleza jinsi alivyokatwa denge utotoni, kichwa cheupe pande zote na kishungi kimebaki utosini, na namna alivyokimbizwa na wenzake kwa ajili yake. Nyumba kadhaa za Mji wa Kale wa hapa Mombasa hazikuandika "kusuka" hata mara moja. Ziliandika kusonga. Kusonga nywele, kama unavyosonga sima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na neno hilo kwa maana hiyo nilikuwa nimelikuta kwenye kamusi tu.

Bibi mmoja wa Kisauni hakujibu kwa maneno. Alikuwa barazani na ukili wake wa mkeka, akamwita mjukuu karibu, akamwonyesha vidole: huyu anapita juu, huyu chini, huyu anasubiri. "Nywele ni hivi hivi," akamwambia, "ila mkeka haulii." Yule msichana aliandika sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuipigia mistari miwili. Ndipo tukajua kuna filamu.

Hapo ndipo pia tulipokutana na tatizo letu kubwa, na naomba nilieleze vizuri kwa sababu bajeti yote inalizunguka. Sisi ni watu wa Pwani. Wengi wa mabibi wenye ujuzi huu wanajifunika. Kichwa cha mwanamke si kitu cha kuwekwa kwenye skrini kikaangaliwa na kila mpita njia, na hakuna filamu yenye thamani ya kumvunjia mtu stara yake. Wazazi wawili walikuja ofisini kwangu na wasiwasi huo, nami nikawaambia wasiwasi wao ndio wangu. Tukafanya kikao na wasichana. Nilitarajia waseme basi tubadilishe mada, tufanye filamu ya plastiki baharini kama shule nyingine. Hawakusema hivyo. Mmoja wao akasema, "Mwalimu, si tuchukue mikono?"

Basi filamu yetu itakuwa ya mikono na sauti. Bibi ataketi uani kwake, leso imemkaa sawa, na kamera itakaa kwenye vidole vyake, chanuo, bakuli la mafuta ya nazi. Vichwa vitakavyoonekana ni vya wanaokubali wenyewe, na kwa walio chini ya miaka 18 mzazi atatia sahihi kwanza. Wapigapicha watakuwa wasichana peke yao. Mimi na mwalimu mwenzangu wa kiume tutangoja barazani kama wageni wengine. Ukiwa na masharti hayo, sauti inakuwa nusu ya filamu, pengine zaidi. Bibi anaposimulia alivyosukwa siku ya harusi yake, vikuba vya asumini vikinukia chumba kizima, wewe mtazamaji huna uso wa kumwangalia. Una sauti yake tu, na mlio wa chanuo.

Tulijaribu kwa simu. Mzee mmoja wa Likoni, kinyozi tangu enzi za wembe, alikubali tumrekodi akiwa chini ya mwembe wake karibu na kivuko. Alitueleza yale maji: yanalainisha unywele, wembe unapita bila kukwaruza ngozi, na aliye kwenye foleni hujilowesha mapema ili zamu yake isichelewe. Kwa maneno mengine, methali ilikuwa maelekezo ya kazi kabla haijawa hekima. Alizungumza dakika arubaini. Tulipofika shuleni tukafungua simu, tukasikia upepo wa mkondo, honi ya feri, na kijana anayeuza maji. Mzee yumo mle ndani, unamsikia kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Ukweli ni kwamba mmoja wa wasichana alilia. Mzee ameahidi kurudia, lakini ameshatuambia kwa upole kwamba kurudia maneno si sawa na kuyasema.

Kwa hiyo, fedha. Tunahitaji jumla ya shilingi 196,000. Sehemu kubwa kuliko zote, shilingi 52,000, ni ya sauti: kinasa sauti kimoja kizuri, maikrofoni mbili ndogo za kubana kwenye nguo, spika za masikioni, na zile sufi za kuvisha maikrofoni ili upepo usiingie. Kamera hatununui. Mzazi mmoja anayepiga picha za harusi ametuazima ya kwake kwa siku zote asizokuwa na harusi, maana yake Jumatatu hadi Alhamisi, nasi tumepanga ratiba kwa kufuata harusi za watu. Kadi za kumbukumbu na diski mbili za kuhifadhia ni shilingi 14,000. Chakula siku za kazi, kibali, na kuchapisha fomu za ridhaa ni 10,000. Uhariri utafanyika kwenye maabara ya kompyuta kwa programu ya bure.

Kisha kuna shilingi 30,000 ambazo kwenye kamati ya wazazi zimeleta mjadala, nami nitazitetea hapa bila haya. Ni za kuwalipa wasusi na vinyozi kumi na wawili, shilingi 2,500 kila mmoja. Mzee mmoja wa kamati aliuliza kwa nini tuwalipe watu kwa kuzungumza. Jibu langu ni kwamba msusi akikaa na wanafunzi mchana mzima, akasimamishwa mara kumi ili mkono uhamie kwenye mwanga, wateja wake wawili wameshakwenda kwa jirani. Sisi walimu hatufundishi bure. Na siku hiyo mwalimu ni yeye. Ikibidi kupunguza kitu, nitapunguza safari kabla sijagusa fungu hilo.

Safari ni mbili, kila moja wanafunzi sita na walimu wawili. Ya kwanza ni Lamu, shilingi 44,000: basi hadi Mokowe, boti, na malazi ya siku tatu kwa familia za wazazi waliotuahidi nafasi, ambazo hatutaki kuziachia gharama ya chakula. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mawe yake yana watu wa kuyahesabu. Misuko haina orodha. Tuna majina matatu ya misuko ambayo wanafunzi wenye asili ya huko wameyaandika, na hapa Mombasa hatujapata mkono unaoijua.

Ya pili ni Nairobi, kwa treni, shilingi 46,000. Najua wapo watakaouliza: nywele za Nairobi zina nini? Zina mengi. Kwenye barabara ya Kimathi imesimama tangu 2007 sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau, na nywele zake za msokoto, zile zile zilizoonekana kwenye picha alipokamatwa Oktoba 1956, miezi minne kabla ya kunyongwa. Wasichana wangu walizaliwa muda mrefu baada ya hayo, lakini wanamkumbuka Muthoni wa Kirima, aliyeingia msituni na wapiganaji wa Mau Mau na kuzifuga nywele zake tangu miaka ya 1950, hadi Aprili 2022 aliponyolewa kule Nyeri na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wetu wa kwanza, mbele ya watu. Aliaga dunia Septemba 2023. Kuna pia soko la Kenyatta, ambako mteja mmoja huketi na wasusi watatu au wanne wakamzingira kichwani kwa pamoja, kila mmoja na upande wake, na mazungumzo yakipita juu ya utosi wake kama hayupo. Ususi wa namna hiyo ni tofauti kabisa na wa uani, na wanafunzi wanataka kuusikia kwa maikrofoni inayofaa.

Wameongeza pia jambo ambalo sikulifikiria. Huku Pwani ya Kusini wako vijana wa Kimaasai, na Dar es Salaam wenzao wamejipatia jina kwa kusuka nywele za wanawake. Watu hushangaa mwanamume kusuka. Lakini morani, shujaa kijana wa Kimaasai, hufuga nywele ndefu, zikasukwa na kupakwa udongo mwekundu, na katika eunoto, sherehe ya morani kuelekea utu uzima, ambayo pamoja na sherehe za enkipaata na olng'esherr iliingizwa na UNESCO mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mama yake mwenyewe ndiye humnyoa. Tunatafuta kijana mmoja atakayekubali kutusimulia siku hiyo. Ukimjua, tuletee.

Na sheria ya shule je? Nimeulizwa hilo na zaidi ya mzazi mmoja. Ndiyo, litakuwamo. Mimi ni mmoja wa wanaosimama getini siku ya kufungua shule na kumrudisha msichana mwenye rasta za kubandika, au zile wanazoziita wivi na mimi kwa makusudi naziita wivu. Wanafunzi wameomba kunihoji. Watanikumbusha, najua, hukumu ya Mahakama Kuu ya 2019, Jaji Chacha Mwita alipoamua kwamba mwanafunzi wa imani ya Rastafari hakustahili kufukuzwa shuleni kwa sababu ya nywele zake. Mwalimu mkuu ameruhusu swali liulizwe kwa sharti kwamba na jibu liachwe zima, lisikatwekatwe kwenye uhariri. Jibu langu bado sijalipata. Nina sababu za usafi, za muda, za usawa kati ya mwenye pesa ya saluni na asiyenayo, na kila nikizipanga naona mbili zimesimama na moja imelala.

Tumeshaanza wenyewe. Kwa kuuza mahamri na kaimati, na kwa siku moja ya kusuka ambapo wasichana waliwasuka walimu na mama zao, tumekusanya shilingi 41,500. Zimebaki 154,500. Asiye na shilingi alete kadi ya kumbukumbu isiyotumika, au siku moja ya kutupikia, au jina la bibi anayejua. Michango inapokelewa na bursa, na kila mchango una risiti. Namba ya kulipia kwa M-Pesa iko kwenye kadi aliyoleta mwanao nyumbani; usitume kwa simu ya mtu binafsi, hata iwe yangu. Hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa. Fedha zisipotosha, tutafuta Nairobi kwanza. Zikizidi, kila aliyerekodiwa atapata nakala ya sauti yake kwenye flashi, na wasio na kompyuta tutawapelekea spika wasikilize.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, uwanjani kwetu, kuanzia saa tatu asubuhi. Wasichana watakuwa wakisuka chini ya hema lililofungwa kwa ajili ya akina mama, shilingi 200 kwa misuko ya mistari, na bei ya twende kilioni itategemea ni nani kati ya mama na shangazi aliyekuwa na haki. Yule mzee wa Likoni atakuwa nje na wembe mpya kwa kila kichwa na ndoo ya maji.

Na mwalimu mkuu ametangaza kwenye gwaride, mbele ya shule nzima, kwamba tukifikisha lengo kabla ya adhana ya adhuhuri, ataketi kwenye kile kiti na kukatwa denge. Mzee ameshaulizwa. Amesema afike na kichwa kibichi.