Canary Wharf ya Jumanne si ya Jumapili

Mhariri,

Nimesoma kurasa zako za safari kwa miaka mingi bila kuandika neno. Makala yenu kuhusu wikendi ya mapumziko Canary Wharf, mashariki mwa London, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwandishi wenu alikwenda siku za kazi, akaona ya siku za kazi, nanyi mkaipa makala kichwa chenye neno "wikendi". Mtaa ule wa mabenki una ratiba mbili. Msomaji aliyepewa ya Jumanne akafika nayo Jumapili, anaumia mfukoni na miguuni.

Familia moja ya watu 5 ilifika London na ukurasa wenu umekunjwa mkononi. Makala ilisema "teremka kituo cha Canary Wharf, ukitoka umefika". Vituo vyenye jina hilo ni 3. Kuna cha njia ya Jubilee, treni ya chini ya ardhi, kilichofunguliwa 1999, chenye paa la kioo upande wa kusini. Kuna cha DLR, ile treni nyepesi isiyo na dereva, ambacho kiko juu, katikati ya majengo ya maduka. Na kuna cha njia ya Elizabeth, kilichoanza kazi Mei 2022, upande wa kaskazini, ndani ya gati la zamani lenye maji pande mbili. Baba na watoto walitoka uwanja wa ndege wa Heathrow kwa treni ya Elizabeth. Bibi wa magongo na mjukuu wake mkubwa walikuja kwa DLR kutoka kituo kiitwacho Bank. Waliagana wakutane "kituoni". Kila upande ulikaa kwenye kituo chake zaidi ya saa nzima, huku simu zikiwaonyesha kwamba wako mahali pamoja, maana njia kati ya vituo hivyo nyingi zimepita kwenye maduka ya chini ya ardhi na ramani ya simu hupotea humo. Sentensi moja ingetosha: tajeni njia ya treni, kisha jina la jengo la kutokea. Kwa Elizabeth ni Crossrail Place. Kwa bibi wa magongo mngeongeza kwamba vituo vyote 3 vina lifti kutoka jukwaani hadi barabarani, habari ambayo kwa mzee ni kubwa kuliko maelezo yote ya vioo na taa.

Nauli nazo mmezipitia juu juu. Vituo vingi vya DLR havina milango ya kuzuia watu. Kuna mashine ya njano ya kusoma kadi kwenye nguzo tu. Mgeni akiona njia wazi hupita. Asipogusisha kadi anapoingia na anapotoka, hukatwa nauli ya juu kabisa, kwa sababu mfumo haujui alisafiri kutoka wapi hadi wapi. Na agusishe kitu kilekile mara zote mbili: kadi ya benki na kadi hiyohiyo iliyomo ndani ya simu huhesabiwa kuwa vitu viwili, hata kama pesa inatoka akaunti moja. Kila mtu mzima na kadi yake. Watoto chini ya miaka 11 hupita bure wakiwa na mtu mzima, hadi watoto 4. Mliwaambia wasomaji watategemea kikomo cha nauli cha wiki, yaani kiasi ambacho ukikifikia hukatwi zaidi. Kikomo hicho huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, kwa hiyo anayefika Ijumaa na kuondoka Jumatatu safari zake hukatwa katikati, nusu wiki hii na nusu wiki ijayo. Yeye ahesabu kikomo cha siku. Boti za mto Thames hazimo kabisa katika hesabu hiyo. Basi halipokei fedha taslimu tangu 2014.

Halafu wikendi ndiyo siku ya mafundi wa reli. Jubilee au DLR mara nyingine hufungwa Jumamosi na Jumapili kwa matengenezo, maana ndizo siku ambazo watu wa ofisini hawasumbuki. Tangazo hutoka mapema. Msafiri alitazame Alhamisi, kisha alitazame tena asubuhi ya safari. Njia ikifungwa, kuna mabasi ya 135, 277, D7 na D8. Namba 4 hizo zingeingia katika mstari mmoja wa gazeti.

Sasa nije kwenye lililonikera kuliko yote, Mhariri, na hili si la makala moja. Ni ugonjwa wa gazeti zima. Mmeandika kwamba soko la samaki la Billingsgate, lililo hatua chache kutoka kwenye minara ile ya ofisi, hufunguliwa "saa 5 asubuhi". Saa 5 asubuhi ya Kiswahili sakafu ya soko imeshaoshwa na wauzaji wako majumbani! Soko lile huanza saa 11 alfajiri na kwisha saa 2 na nusu asubuhi, Jumanne hadi Jumamosi. Jumapili na Jumatatu halifunguliwi. Watoto chini ya miaka 12 hawaruhusiwi kuingia ukumbini wakati wa biashara, kwa sababu ya sakafu yenye maji na mikokoteni inayokimbia. Familia niliyoitaja ilikwenda Jumapili, saa 5 asubuhi, na watoto wawili wadogo: makosa 3 kwa mpigo, yote wameyatoa kwenye ukurasa wenu. Mmeandika pia kwamba jumba la makumbusho la palepale, London Museum Docklands, hufungwa "saa 5 jioni". Kuna saa 5 jioni katika lugha gani? Jioni yetu haina saa 5. Jumba lile hufungwa saa 11 jioni na hufunguliwa saa 4 asubuhi. Kila wiki nasoma humu mkutano wa "saa 10 asubuhi", mechi ya "saa 3 alasiri", mazishi ya "saa 2 mchana", na kila mara msomaji anapaswa kuwaza kama mwandishi alihesabu kwa Kiswahili au alinakili namba ya Kizungu akabandika neno la Kiswahili mbele yake. Sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza. Anayeandika gazeti la Kiswahili aondoe 6 au aongeze 6 kabla ya kuandika. Mzee akikosa mazishi kwa sababu ya namba iliyonakiliwa, nani atamrudishia siku ile?

Kwa maduka, sheria ya Uingereza ya 1994 ndiyo inayotawala Jumapili. Duka lenye eneo kubwa kuliko mita za mraba 280 huruhusiwa kuuza kwa saa 6 mfululizo tu, kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni, na Jumapili ya Pasaka halifunguliwi kabisa. Maduka madogo hayabanwi. Lakini vibanda vingi vya chakula vya mtaa ule huishi kwa chakula cha mchana cha wafanyakazi. Ofisi zikifungwa, navyo hufungwa. Basi anayelala hoteli anunue mkate, matunda na maziwa Jumamosi jioni.

Hoteli mmezipatia nusu. Ni kweli kuna nafuu, lakini mmewaambia watu walale Alhamisi hadi Jumamosi. Hoteli zile zilijengwa kwa wasafiri wa kazi: Jumatatu hadi usiku wa Alhamisi bei iko juu, Ijumaa inashuka, na usiku wa Jumapili mara nyingi ndio wa bei ya chini. Mwenye nafasi alale Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mabegi siku ya kuondoka huachwa mapokezi. Na achukue koti la kuzuia upepo hata jua likiwa linawaka, kwa sababu minara mirefu huukinga upepo wa juu na kuuteremsha chini kati ya majengo kwa nguvu.

Jengo la One Canada Square mmeliita refu kuliko yote Uingereza. Lilikuwa hivyo tangu lilipomalizika 1991, ghorofa 50. The Shard, mnara mwingine wa London, ililipita zamani. Tena halina ukumbi wa watalii wa kutazamia mji, kwa hiyo mgeni asipange foleni mlangoni. Eneo zima ni ardhi ya kampuni binafsi. Ukisimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, mlinzi atakujia kukuuliza kibali.

Kinachoniuma ni mlichokiacha. Mmeandika "maji ya kupendeza" mara 4 bila kusema maji yale yalichimbiwa nini. Yale ni magati ya West India, yaliyofunguliwa 1802 kupokea sukari na ramu iliyotoka kwenye mashamba ya watumwa wa Karibi. Ghala namba 1 la wakati huo bado limesimama, ukuta wa matofali, na ndani yake ndimo lilimo jumba lile la London Museum Docklands. Hakuna kiingilio. Tangu 2007 lina ukumbi mahususi wa sukari na utumwa. Sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara aliyeongoza ujenzi wa magati hayo na aliyemiliki watumwa Jamaika, ilikuwa mbele ya mlango hadi Juni 2020 ilipoondolewa. Wasomaji wenu ni watu wa Bagamoyo, Unguja, Kilwa, Mombasa. Hawa mngewapeleka pale kwanza, kabla ya duka lolote, na kwa miguu ni dakika chache kutoka Crossrail Place. Mngewaambia pia kwamba magati yalifungwa 1980 baada ya meli za makontena kuhamia bandari ya Tilbury, na kwamba jina Canary lilitokana na matunda ya visiwa vya Canary yaliyokuwa yakipakuliwa hapo. Mtu wa bandari angeelewa mara moja.

Ninachoomba ni hiki. Toleo lijalo chapeni kisanduku cha upana wa safu 2: vituo 3 na milango yake, namba 4 za mabasi, siku na saa za soko, saa za maduka ya Jumapili, saa za makumbusho, zote kwa saa za Kiswahili. Kisha mtumeni mwandishi arudi Jumapili moja, na begi la kilo 20, atembee kutoka kituo cha Elizabeth hadi hoteli aliyoisifu akihesabu dakika. Msiseme nafasi haipo. Ile picha ya minara ilichukua nusu ukurasa.

Msomaji wenu,
Poplar, London