Msimu wa tanga kwa watu wawili: kabla hamjang'oa nanga, njooni wote

Msimu ukikaribia simu zetu hazipoi, na karibu kila moja inaanza hivi hivi: fundi, mimi na mwenzangu tunataka kutoka baharini miezi mitatu minne, chombo chetu cha tanga kilikuwa kimekaa, tukilete lini ukicheki? Tunafurahi kupokea kazi, sio siri. Ila kuna kitu tumekiona mwaka baada ya mwaka, chombo kinaletwa na mmoja. Anakuja yule anayejua injini, anazunguka na sisi, anauliza maswali yake yote, mwenzake kabaki nyumbani anapanga mizigo. Halafu wanaondoka, chombo kizima kabisa, lakini chombo hicho kinajulikana na mtu mmoja tu kati ya wawili waliomo ndani.

Msimu uliopita tulipigiwa simu na mama mmoja mteja wetu, yuko baharini bado kidogo mtandao ukatike, mumewe kashikwa na kichefuchefu cha bahari tangu usiku hajiwezi hata kuinua kichwa, upepo umekata, kawasha injini na baada ya dakika kumi hivi alamu ya joto ikaanza kulia. Alifanya jambo la maana kuliko yote, alizima injini hapo hapo bila kungoja. Sasa tukaanza: valvu ya kuingizia maji ya bahari iko wazi? Hajui iko wapi. Chujio je? Hajawahi kuliona. Alikuwa mwanamke hodari, matanga alikuwa anayaendesha kuliko mumewe, lakini kile kifuniko cha injini hakuwahi kukifungua hata siku moja kwa sababu "hiyo ilikuwa kazi yake yeye". Tulimwelekeza hatua kwa hatua mpaka akafungua pampu ya maji ya bahari akakuta impela imepoteza mapanga mawili. Spea ilikuwepo, tuliwapakia sisi wenyewe kabla hawajaondoka, ila kuitafuta tu ilimchukua dakika arobaini, ilikuwa chini ya kitanda cha mbele nyuma ya majaketi ya kuokolea. Muda wote huo chombo kinakokotwa na mkondo. Bahati nzuri pwani ilikuwa mbali.

Kwa asiyeijua, impela ni kale kagurudumu ka mpira kenye mapanga kanakozunguka ndani ya pampu na kuvuta maji ya bahari yapoze injini. Kanategemea hayo hayo maji kujilainisha, kwa hiyo ukiwasha injini huku valvu imefungwa kanasagika kavu na ndani ya muda mfupi sana kamekwisha. Sisi tunashauri kabadilishwe kila msimu hata kama kanaonekana kazuri, na kakikatika panga, lile panga LITAFUTWE, usifunge pampu ukaendelea na safari, maana kipande kinaenda kukwama mbele kwenye kipozeo na wiki inayofuata injini inachemka tena na hujui kwa nini. Na kila mkiwasha injini mmoja aende nyuma aangalie eksozi, maji yanatoka? Ni sekunde tano tu.

Tukiwa hapo hapo kwenye valvu, hili ndilo linalotukosesha usingizi zaidi. Chombo cha kawaida cha watu wawili kina matundu kadhaa chini ya maji, la injini, la choo, la sinki, na kila tundu lina valvu na mpira wa maji uliokazwa kwa klipu. Mpira ukichomoka kwenye tundu la upana wa sentimita 2.5 lililo sentimita 60 chini ya maji, yanaingia kati ya lita 60 na 100 hivi kwa dakika, yaani wakati mnaulizana hizo kelele ni za nini ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo, imeshajaa na mbao za sakafu zinaelea. Kwa hiyo klipu ziwe mbili kila mwisho wa mpira pale shina, yaani ule mdomo wa valvu unaovikwa mpira, linaporuhusu, ziwe za stenles nzuri, na pembeni ya kila valvu kifungwe kizibo cha mti laini kwa kamba, palepale, sio kwenye sanduku la vifaa. Halafu valvu zichezwe, zifungwe zifunguliwe angalau mara moja kwa mwezi, kwa sababu valvu iliyokaa wazi mwaka mzima inagandia na siku ya shida haifungi. Tumeshakuta mikono ya valvu inakatika mkononi kama biskuti.

Watu wengi wanafikiri wakishapiga rangi mpya chini na kusafisha sitaha basi chombo kiko tayari. Rangi ya kuzuia viumbe vya baharini ni muhimu kweli, bila hiyo majani na magamba yanajaa chini na chombo kinakuwa kizito kama kimefunga breki. Lakini msimu wa kuishi chomboni haufanani na kutoka wikiendi. Chombo kinachotoka siku mbili mara moja moja kinapumzika, chenu kwa miezi minne kinatikiswa usiku na mchana, kamba zinasuguana sehemu ileile, jua linapiga tanga kila siku na chumvi inakaa kila mahali. Miezi minne ya hivyo inaweza kukichosha kuliko miaka kadhaa ya wikiendi. Ndio maana ukaguzi wa mwanzo wa msimu peke yake hautoshi, mtahitaji jicho lenu wenyewe njiani.

Mlingoti, kwa mfano. Waya zinazoushikilia ni za stenles, kwa kawaida kila mmoja umesokotwa kwa nyuzi kumi na tisa, na stenles inadanganya kwa sababu inang'aa hata ikiwa mgonjwa. Ugonjwa wake unaanzia pale waya unapoingia kwenye kichwa chake, yaani kile chuma kinachoubana mwishoni, maji ya chumvi yanajikusanya mle ndani ambako hewa haifiki, na kutu inakula kimyakimya. Pitisha kitambaa laini kuzunguka pale, kikinasa kuna uzi umekatika, na uzi mmoja ukikatika waya huo umekwisha, usijipe moyo eti bado zimebaki kumi na nane. Umri nao unahesabika hata kama hamna kinachoonekana, waya zikifika miaka 10 hivi sisi tunaanza kuzungumza habari ya kubadilisha, na kampuni nyingi za bima nazo zinaanza kuuliza.

Matanga yenyewe, adui ni jua na kupigapiga ovyo. Uzi wa mshono unakufa kabla ya kitambaa, ukwaruze kwa kucha, ukikatika kirahisi leteni tanga lishonwe upya sasa hivi kabla halijachanika katikati ya upepo mkali.

Dizeli: maji yanakaa chini ya tangi, na pale maji na mafuta yanapokutana vinaota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi. Bahari ikiwa shwari utelezi umelala chini huko na injini inaunguruma vizuri, bahari ikichafuka tangi linatikiswa, uchafu unapanda, filta inaziba, injini inazima. Yaani inazima wakati ule mnaoihitaji kupita kiasi. Msiache tangi nusu tupu kwa muda mrefu kwa sababu unyevu wa hewa unageuka maji mle ndani, mwageni maji ya kwenye kikombe cha filta mara kwa mara, na spea za filta ziwe nyingi kuliko mnavyodhani mnahitaji. Na wote wawili, tunarudia, WOTE WAWILI mjue kutoa hewa kwenye njia ya mafuta baada ya kubadilisha filta, sio ngumu, ni skurubu na pampu ndogo ya mkono, ila usiku kwenye mawimbi sio mahali pa kujifunzia.

Zinki, vile vipande vya madini vinavyokaa kwenye shafti na propela kazi yake ni kuliwa ili vyuma vingine visiliwe. Ikiisha nusu badilisha. Zisipakwe rangi, ikipakwa haifanyi kazi. Na kama mnasafiri kwenye maji baridi ya ziwa tuambieni, huko inatumika magnesiamu, na hiyo magnesiamu ukiirudisha kwenye maji ya chumvi inamalizika haraka sana.

Betri za kawaida za asidi msizishushe chini ya nusu, zikiwa zimepumzika volti 12.7 zimejaa na 12.2 ni karibu nusu. Winchi, zile ngoma za kuvutia kamba, zifunguliwe zisafishwe, zile meno ndogo za ndani zipakwe oili nyepesi, sio grisi, grisi inazigandisha. Choo kipigwe pampu mara nyingi zaidi ya mnavyodhani inatosha ili maji machafu yasikae ndani ya mpira.

Sasa huduma yetu yenyewe. Tunakipandisha chombo, tunapitia kila kitu nilichokitaja hapo juu, tunawaandikia kilichobadilishwa na kinachoweza kusubiri mpaka mrudi, na hatuwabadilishii kitu kizima ili bili ipande. Halafu kuna siku ya mwisho, kukabidhiana, na kuanzia msimu huu tumeamua siku hiyo hatuifanyi mpaka mje wote wawili. Siku hiyo tunawabadilishia kazi. Mzee wa injini atakunja tanga na kupunguza eneo lake kana kwamba upepo umepanda, na yule wa matanga atashika spana, atafungua pampu, atatoa impela ya zamani na kuweka mpya, atafunga na kufungua kila valvu kwa mkono wake, atabadilisha filta na kutoa hewa, injini iwake. Sisi tunasimama pembeni tu. Mkimaliza mnachora ramani ya chombo kwenye karatasi moja, kila valvu, kila kizibo, kila spea iko wapi, mnaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Yule mama wa msimu uliopita alirudi kwetu na mumewe chombo kilipopandishwa, na pampu aliifungua yeye, dakika kumi na mbili mwanzo mpaka mwisho. Mumewe alikuwa anamshikia tochi.

Mkija mje na daftari la saa za injini, orodha ya spea mlizonazo, na kama kuna kelele, harufu au tone la maji ambalo mmelizoea mkaliacha, mtuambie hilo kwanza kabla ya yote. Chombo kinahitaji wiki mbili kwetu, nyinyi wawili siku moja tu.