Aliyemaliza faulo tano hajafukuzwa

Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika katika safu hii kwamba timu yake ya mpira wa kikapu ilionewa kwa sababu mwamuzi aliwaruhusu wapinzani kuingiza mtu badala ya mchezaji aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Anauliza adhabu iko wapi ikiwa walibaki watano vilevile. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi nikiwa nimeketi kwenye meza ya maofisa, kalamu mkononi, na najua linakotoka: linatoka kwenye soka. Kadi nyekundu imetuzoesha kwamba anayetolewa anaondoka na nafasi yake. Kwenye mpira wa kikapu nafasi ni ya timu. Anayefukuzwa anakwenda chumba cha kubadilishia nguo au anatoka kabisa jengoni, wapinzani wanapewa mitupo huru pamoja na mpira, na mwenzake aliye benchi anaingia. Mwamuzi yule hakukosea.

Aliyemaliza faulo tano naye habari yake ni nyingine. Meza inainua kibao chenye namba 5 nyekundu, mwamuzi anamwarifu, anatoka, anaketi benchi na kuwashangilia wenzake. Hakuvunja heshima ya mtu. Pengine alikuwa tu beki anayejituma kuliko wote. Kwa wote wawili kocha ana kama sekunde 30 za kuingiza mtu, na akivuta muda bila sababu anakatwa taimauti, yaani moja ya mapumziko mafupi ambayo timu inaruhusiwa kuomba. Mpaka hapo sina ugomvi na sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia.

Ugomvi wangu unaanza pale benchi linapokuwa tupu. Sheria hizo zinataka kila timu iwe na wachezaji watano uwanjani ndipo mchezo uanze. Ukishaanza, timu iliyoishiwa watu inaendelea na wanne, kisha watatu, kisha wawili. Akibaki mmoja, mchezo umekwisha na timu yake imeshindwa. Kama wapinzani walikuwa mbele, matokeo yanabaki yalivyo. Kama hawakuwa mbele, yanaandikwa 2-0. Maana yake timu inaweza kuongoza kwa pointi 15 ikapoteza mchezo kwa kuwa wachezaji wake wamekwisha. Sijawahi kuelewa kwa nini watano ni lazima dakika ya kwanza na si lazima dakika ya thelathini na tano.

NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, wameliona hili na wakalitafutia dawa. Kule timu haipungui watano. Mchezaji akipata faulo ya sita, ambayo kule ndiyo ya mwisho, na benchi halina mwenye haki ya kuingia, anabaki uwanjani. Faulo yake inahesabiwa, na juu yake timu inapigwa faulo ya kiufundi, inayowapa wapinzani mtupo huru. Waliobaki wakiwa watano tu na mmoja wao akaumia au akafukuzwa, anarudishwa aliyetolewa mwisho kwa faulo sita, naye pia kurudi kwake kunalipiwa faulo ya kiufundi. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu harudi kamwe. (Wala faulo sita si upendeleo: wao hucheza dakika 48 na FIBA dakika 40, kwa hiyo ni faulo moja kwa kila dakika nane pande zote.) Februari 2014 Lakers, timu ya Los Angeles, walikwenda Cleveland na watu wanane, majeraha na faulo vikawapunguza, na Robert Sacre alipopata faulo ya sita alibaki kucheza. Lakers walishinda 119-108, na waliokata tiketi waliona watano dhidi ya watano mpaka mwisho.

Najua nitajibiwa na mchezo wa Alabama na Minnesota wa Novemba 2017, katika mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani. Benchi zima la Alabama lilitolewa kwa kuingia uwanjani wakati wa vurugu, mmoja akamaliza faulo, mwingine akaumia, wakacheza zaidi ya dakika 10 wakiwa watatu. Collin Sexton alifunga pointi 40 na walipoteza kwa 89-84 tu. Ulikuwa ushujaa, sibishi. Lakini si kila timu ina Sexton.

Mimi niliandika karatasi ya mchezo wa wasichana ambao timu moja ilikuja na saba. Mmoja aliteguka kifundo cha mguu, mwingine akamaliza faulo, wakabaki watano. Kilichofuata kilikwenda kama nilivyokiona kikienda mara nyingine: alipotoka mwingine kwa faulo, wanne wakawa wanalinda eneo la watano, wanafika wamechelewa, na anayefika amechelewa hushika mkono badala ya mpira. Faulo zikazaa faulo. Robo ya nne ilipofika katikati walikuwa watatu, na binti aliyetolewa mwisho alikuwa analia akiwaomba wenzake msamaha kana kwamba amewaibia. Wapinzani wenyewe waliacha kukimbia. Hakuna aliyejifunza kikapu siku hiyo, na nilitia saini karatasi ile kwa uchungu.

Kwa hiyo naomba waandaaji wa mashindano ya shule na ya vijana, ambako timu ya saba au wanane ni jambo la kawaida, waweke kifungu hiki katika kanuni zao kabla ya mashindano kuanza: benchi likiisha, aliyetolewa mwisho kwa faulo tano aruhusiwe kubaki au kurudi, na kila faulo yake baada ya hapo iongezewe mtupo huru mmoja kwa wapinzani. Kocha atakayetaka kuutumia mwanya huu kuchezea rafu ataulipa kwa pointi. Aliyepiga ngumi au kumtukana mwamuzi asiguswe na kifungu hiki. Huyo akae huko huko alikopelekwa, hata kama timu yake itabaki na wanne.

Kwa sisi wa mezani kazi haiongezeki sana. Karatasi ina visanduku vitano vya faulo mbele ya kila jina, na pembeni pana nafasi ya kuchora cha sita.

Mtunza alama wa miaka mingi